Joto Hupimwa

Juzi katika kikundi chetu tulibishana juu ya kuongezeka kwa joto duniani. Mmoja alisema ni adhabu. Mwingine, ni maneno ya Wazungu. Sisi wauguzi hatukisii homa, tunaipima. Mwaka 1856 Eunice Foote, mama wa mabinti wawili huko Marekani, alijaza hewa ya ukaa katika mtungi wa kioo, na hewa ya kawaida katika mwingine, akaiweka juani. Wenye hewa ya ukaa ulipata joto zaidi, ukachelewa kupoa. Hewa hiyo hutoka zaidi viwandani na katika magari, lakini hata mkaa wetu huitoa. Tuendelee kujadiliana, ila tukiwa na vipimo. Na jioni tuloweke maharage, kesho tufunike sufuria: mkaa utapungua, na watoto watavuta moshi kidogo.