Kabla hujashusha giaboksi, ijue lokapu

Uko kwenye Probox ya zamani, abiria wa Mariakani, umeshapita Miritini na barabara imefunguka. Spidi 60, 70. Ghafla mshale wa mizunguko ya injini unashuka kidogo, kama kwamba gari limeingiza gia nyingine, ilhali gia zote nne zimeshaisha. Ama mambo ni mabaya zaidi: gari linatetema sekunde mbili tatu, mfano wa kupita juu ya kokoto, kisha linatulia. Ukirudi Changamwe ukamweleza fundi, jibu liko tayari hata boneti haijafunguliwa: "Giaboksi imekwisha hiyo. Tafuta nyingine."

Kijana unayetafuta riziki na gari la oto, iwe ni teksi ya programu kule Kisauni ama kigari cha mizigo Likoni, usikubali giaboksi ishushwe kabla hujajua kinachotetema ni giaboksi yenyewe au ni lokapu. Ni vitu viwili tofauti. Na gharama zake ziko mbali sana, hasa kama gari ni la tajiri na kila jioni anangoja hesabu yake.

Hebu tuanze na chombo chenyewe. Gari la manyo lina klachi unayoikanyaga kwa mguu. Gari la oto lina toki konveta, dude la mviringo lililojaa oili, kati ya injini na giaboksi. Chukua feni mbili za mezani uzielekezanishe. Washa moja, upepo wake utaizungusha ile nyingine ambayo hata haiko kwenye stima. Toki konveta ni hivyo hivyo, ila badala ya upepo kuna oili. Ndiyo maana unaweza kusimama kwenye foleni ukiwa kwenye D na injini isizime: feni ya injini inazunguka, ya giaboksi imesimama. Katikati ya hizo mbili kuna gurudumu la tatu linaloielekeza upya oili inayorudi, na hilo ndilo linaloongeza nguvu unapoanza kuondoka, kama pale unapopandisha kutoka ferini gari limejaa watu.

Kwa watu wa mji wa bandari, chimbuko lake lina utamu wake. Chombo hiki hakikubuniwa kwa ajili ya magari. Mhandisi Mjerumani Hermann Föttinger alikiandikishia hataza mwaka 1905, akifanya kazi kwenye kiwanda cha kuunda meli, akitafuta njia ya kuunganisha mtambo wenye kasi kubwa na rafadha inayotakiwa izunguke polepole.

Tatizo la feni na oili ni kwamba ile ya pili haiifikii ya kwanza kabisa. Daima hubaki nyuma kidogo, na huko kuteleza hugeuka joto na kula mafuta. Kwa hivyo wahandisi waliweka klachi ndani ya toki konveta. Gari likishatulia kwenye mwendo, klachi hiyo inafunga, injini na giaboksi zinazunguka kama kitu kimoja. Hiyo ndiyo lokapu. Packard ya Marekani ilikuwa nayo tangu 1949, ila ilienea sana baada ya bei ya mafuta kupanda miaka ya 1970.

Sasa urudi kwenye ule mshale ulioshuka ukiwa spidi 70. Huo si ugonjwa, lokapu imefunga tu. Ukikanyaga mafuta kwa nguvu au ukigusa breki inafungua, mshale unapanda. Na oili ikiwa bado baridi, kompyuta huiacha wazi mpaka ipate moto.

Ugonjwa ni pale klachi hiyo inapofunga kwa kusitasita, inashika na kuachia, inashika na kuachia. Hapo ndipo gari linatetema. Kipimo chake hakihitaji pesa. Tafuta barabara iliyonyooka isiyo na gari nyuma yako. Dongo Kundu mapema asubuhi panafaa. Oili ikishapata moto, shika mwendo ule unaoleta mtetemo. Ukianza tu, usiachie mafuta, gusa breki kidogo sana, kiasi cha kuwasha taa za nyuma. Mtetemo ukikatika papo hapo kisha ukarudi lokapu inapofunga tena, umeshapata mahali pa kuanzia.

Lakini usikimbilie kununua toki konveta. Lokapu ikifunga, oili haipo tena kumeza mishtuko ya injini. Plagi iliyochoka au koili inayokata moto itajificha ukiwa kwenye foleni, ije ikuumbue spidi 70. Kwa hivyo mashine ya kusoma kodi kwanza, plagi na koili, halafu oili ya giaboksi.

Na oili, jamani. Kuna gereji ambapo oili nyekundu moja ya kwenye dramu humwagwa kila gari. Toyota imetumia T-IV kwenye giaboksi zake za zamani na WS kwenye zilizofuata. CVT zake zina TC na FE. Nissan ina NS-2 na NS-3. Majina hayo si urembo. Jinsi klachi ya lokapu inavyoshika hutegemea dawa iliyochanganywa ndani ya oili, na oili isiyo yake inaweza kuleta mtetemo kwenye gari lililokuwa zima.

Tena kuna kasoro ya upande wa pili. Ukifika foleni ya feri, ukisimama tu, gari linashtuka na kuzima, kama manyo ambayo hukukanyaga klachi. Hapo huenda lokapu imegoma kufungua, na mara nyingine kisa ni vali ndogo ya umeme tu, inayobadilishwa bila kugusa giaboksi nzima.

Mafundi wetu siwalaumu wote. Wapo wanaokaa nawe kwenye gari wakasikiliza kabla ya kutaja bei. Wa kukwepa ni yule anayetoa hukumu gari likiwa limeegeshwa.

Kwa anayetaka kununua: Kenya hairuhusu kuingiza gari lililopita miaka minane, na kutoka bandarini mengi yanaonekana mapya. Ila kuzungushwa mtaa mmoja nje ya yadi, kwenye msongamano, hakutakuonyesha chochote kwa gari la gia nne, kwa sababu lokapu haitafunga hata mara moja. Kwa CVT, kama Probox za baada ya 2014, inafunga mapema, hata kabla ya spidi 30, kwa hivyo sikiliza tangu mwanzo. Na kama inatetema hata ukigusa breki, hiyo si lokapu. Mkanda wa ndani unaweza kuwa umechoka, na hapo kweli hesabu ni kubwa. Mwambie muuzaji mfike Mazeras na kurudi. Akisema mafuta hayatoshi, tia ya mia tano, mwende.