Usiseme, "Hakuna Dawa Tena"

Mara nyingi tunasikia neno hili: "Hatapona. Tumurudishe nyumbani, hakuna dawa tena." Basi mugonjwa anawekwa katika chumba cha nyuma, na watu wanangojea. Mimi nasema neno hili si kweli. Kuna magonjwa ambayo hatuwezi kuyaponya, kama kansere iliyokwisha kuenea mwilini. Lakini hakuna mugonjwa ambaye hatuwezi kumusaidia.

Jambo la kwanza ni maumivu. Maumivu makali yanamuzuia mutu kulala, kula, kusema na watoto wake, hata kuomba. Dawa yake iko, jina lake ni morfini. Inaweza kunywewa kama maji. Si lazima sindano. Morfini ya kunywa inatolewa kila saa 4, kabla maumivu hayajarudi. Usingoje mugonjwa alie ndipo umupe.

Wengine wanaogopa, wanasema: "Morfini inaua." Kama munganga ameipima vizuri, akianza na kidogo na kuongeza polepole, haimuui mugonjwa, inamutuliza. Siku za kwanza inaweza kuleta usingizi na kichefuchefu. Mara nyingi hivi vinapita. Kufunga choo hakupiti, kwa hiyo apewe pia dawa ya kulainisha choo. Lakini usiongeze kipimo wewe mwenyewe, na uiweke mbali na watoto.

Je, ni dawa ya watu wa Ulaya tu? Hapana. Tazama jirani zetu. Mwaka 1993 munganga Anne Merriman alianzisha Hospice Africa Uganda kule Kampala, na morfini ya kunywa ikatengenezwa kwa unga na maji. Tangu mwaka 2004 sheria ya Uganda inawaruhusu wauguzi waliofundishwa kazi hii kuiandikia wagonjwa. Basi sisi nasi tuulize katika hospitali zetu: Morfini ya kunywa iko? Kama haiko, kwa nini?

Kazi nyingine haihitaji munganga. Mugeuze mugonjwa kila saa 2, asipate vidonda vya mugongo. Safisha kinywa chake kwa kitambaa laini na maji safi. Akikataa chakula, usimulazimishe. Mulowanishe midomo tu. Kidonda kikinuka, usimukimbie. Mwulize muuguzi, iko dawa ya kuondoa harufu.

Tunajua jamaa wanaokosa pesa ya sabuni wakati mugonjwa yu hai. Siku ya matanga mbuzi wanachinjwa, na jeneza la bei kubwa linanunuliwa. Ndugu, marehemu haonji mbuzi wa matanga. Kama unamupenda, umununulie sabuni leo.

Tena, usimudanganye. Akiuliza, "Nitapona?" mwulize kwanza, "Wewe mwenyewe unaonaje?" Kama anataka kujua, mwambie polepole, ukimushika mukono. Ukweli hauleti kifo. Ugonjwa ndio unaoleta. Mutu anayejua anaweza kupatana na ndugu waliyegombana. Anaweza kusema mbele ya washuhuda shamba ni la nani na nyumba ni ya nani. Mutu aliyedanganywa anakufa na maneno haya kifuani, kisha mujane wake anafukuzwa pamoja na watoto, na hakuna wa kuwatetea.

Na ninyi wa kanisa, munakuja kuomba, ni vema. Ombeni kwa maneno machache, kwa maana mugonjwa anachoka upesi. Kisha mutazame muke wake, ambaye hajalala siku nyingi. Mumoja wenu abaki usiku huu, yeye apate kulala. Kesho mwingine ashike zamu.

Katika kijiji chako kuna mutu wa namna hii? Usingoje kusikia kilio. Nenda kwake leo.