Kadi ya Sauti Isinunuliwe Bila Kikomo cha Sauti

Baadhi ya wachezaji wa michezo ya kompyuta huongeza kadi maalumu ya sauti ili wasikie vizuri zaidi kupitia vipokea sauti vya masikioni. Hoja yao ina msingi. Saketi ya sauti iliyo kwenye ubao mkuu huweza kunasa mvumo wa umeme wa vifaa jirani, na vipokea sauti vyenye ukinzani mkubwa, kama vile wa omu 250, huhitaji nguvu zaidi.

Hata hivyo, nguvu hiyo yahitaji tahadhari. Sauti inayokwaruza humkera msikilizaji, naye huipunguza. Sauti safi haimkeri, hivyo huweza kuipandisha pasipo kujua. Usafi huo si kinga. Seli zenye vinyweleo ndani ya sikio huharibiwa na ukubwa wa sauti pamoja na muda wa kuisikiliza, na zikifa hazioti tena.

Shirika la Afya Duniani hushauri mtu mzima asizidi desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki. Kila zinapoongezeka desibeli 3, muda huo hupungua kwa nusu. Kwa desibeli 90 hubaki takribani saa 4 tu.

Kwa hiyo, anayefunga kadi hiyo aweke kikomo cha sauti kabla ya kuanza mchezo, na ayapumzishe masikio mara kwa mara. Mhudumu wa afya naye, anapompokea kijana mwenye mlio masikioni, amwulize kuhusu michezo yake, kisha ampeleke mapema kupimwa usikivu.