Mifuko Ilipigwa Marufuku, Lakini Nailoni Imehamia Jikoni



Tangu tarehe 1 Juni 2019 mifuko ya plastiki ya kubebea imepigwa marufuku Tanzania Bara. Kenya walikuwa wameshafanya hivyo Agosti 2017, na Zanzibar walitutangulia wote wawili. Ile mifuko ya rambo iliyokuwa ikinasa kwenye nyaya na miti pale Makambako imepungua sana, na hilo tulipongeze.

Sasa ingia jikoni kwako uhesabu. Mafuta ya kula yamekuja kwenye kifuko kilichofungwa fundo. Sukari robo, kifuko. Chumvi, kifuko. Dagaa, kifuko. Nyanya za fungu moja nazo zimewekwa kwenye kifuko. Hivyo ni vitano kwa siku, na sijataja maandazi ya watoto wala chupa ya soda. Vitano kwa siku ni 1,825 kwa mwaka. Kijiji chenye kaya 300 zinazonunua hivyo kinazalisha zaidi ya vifuko 547,000 kwa mwaka, na hakuna gari la taka linalopita kuvichukua. Vinaishia sehemu tatu: motoni, shimoni, au tumboni mwa ng'ombe. Maoni yangu ni kwamba tunapambana navyo kwa mpangilio usio sahihi. Tunaimbiana habari za mazingira wakati jambo la kwanza liko kwenye kiberiti na la pili liko kwenye mizani ya duka.

Nianze na kiberiti. Karibu kila nyumba inayotumia mkaa ina mtu anayewashia jiko kwa nailoni. Unaitundika juu ya kijiti, unaichoma, inadondosha matone ya moto, mkaa unashika. Ni rahisi, haina gharama, na inafanya kazi hata mkaa ukiwa na unyevu. Lakini ule moshi mweusi hauendi mbali. Njombe kuna baridi, na kati ya Juni na Agosti tunafunga mlango na dirisha. Anayepuliza jiko mara nyingi ni mama mwenye mtoto mgongoni au binti wa darasa la tano. Wanaovuta moshi ni hao. (Kulala na jiko la mkaa ndani ya chumba kilichofungwa ni hatari nyingine kabisa. Ile hewa yake huua bila harufu. Usifanye.)

Zipo plastiki mbaya zaidi ya nailoni laini. Vipande vya bomba, ngozi za nyaya za umeme na viatu vya plastiki vilivyochakaa, aina nyingi kati ya hizo zina klorini. Zikichomwa kwa moto hafifu wa jikoni au wa shimo la taka zinaweza kutoa sumu ya aina ya dioksini. Sumu hiyo inabaki kwenye majivu na masizi, haiozi upesi, na inapenda kukaa kwenye mafuta. Kuku anayedonoa kwenye yale majivu anaipeleka kwenye kiini cha yai. Ng'ombe anayelishwa majani yaliyoangukiwa na masizi anaipeleka kwenye maziwa. Kwa hiyo majivu ya kuni safi ni mali, yapeleke bustanini. Majivu ya jiko lililowashwa kwa plastiki usiyapeleke kwenye mchicha.

Na hapa sisi watu wa Njombe hatuna kisingizio. Huu ni mkoa wa mbao. Kila kwenye mashine ya kupasulia mbao kuna mabanzi na randa zinazorundikana mpaka zinakuwa kero. Kibanzi cha paina chenye utomvu kinawaka vizuri kuliko nailoni yoyote. Koni za paina zilizokauka zinawaka. Magunzi ya mahindi, yakikaushwa na kuwekwa pembeni mwa dari pasipovuja, yanawaka. Mtume mtoto mara moja kwa wiki alete nusu kiroba cha mabanzi, na umemaliza habari ya kuwashia. Kama kuna jambo moja tu utakalolifanya baada ya kusoma hapa, nachagua hili. Halikugharimu hata shilingi na linaanza leo jioni.

Jambo la pili ni ng'ombe. Kifuko cha chumvi au cha dagaa kina ladha, na ng'ombe anapenda chumvi. Anakusanya kwa ulimi, hachambui kama mbuzi. Akimeza nailoni haisagiki na haitoki. Inajikusanya kwenye tumbo la kwanza, inaviringana na kamba na vitambaa, nafasi ya malisho inapungua. Utamwona anakula kidogo, anavimba mara kwa mara, maziwa yanashuka, mbavu zinaonekana wakati majani yapo tele. Wengi wanadhani ni minyoo na wananunua dawa ya minyoo, mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Hakuna dawa ya kunywesha inayoyeyusha nailoni. Njia iliyobaki ni daktari wa mifugo kupasua tumbo na kuitoa kwa mkono. Kwa mfugaji mwenye ng'ombe mmoja wa maziwa, kifuko kisicho na thamani yoyote kinaweza kumwondolea ada ya shule ya watoto.

Na shimo la taka je? Wengi wetu tunatupa maganda ya viazi, majivu na nailoni shimo moja, halafu mwakani tunachimbua "mbolea" ile na kuipeleka shambani. Ukiona nailoni imechomoza kwenye tuta la viazi, ujue imetoka jikoni kwako mwenyewe. Tenga mashimo mawili. Hapo sina maelezo marefu.

Sasa twende dukani, maana jikoni ni mwisho wa safari tu. Kwa nini vifuko ni vingi hivi? Kwa sababu tunanunua kwa vipimo vidogo. Mtu mwenye shilingi elfu moja ya leo hawezi kununua lita ya mafuta, na hakuna ubaya wowote katika hilo. Simlaumu mama, wala simlaumu mwenye duka anayekaa usiku kufunga vifuko vya sukari ili asubuhi asichelewe na wateja. Tulishaona vifungashio vidogo vikiondoka. Pombe kali za viroba zilipigwa marufuku tarehe 1 Machi 2017, na zile pakiti tupu zilizokuwa zimetapakaa njiani zikaondoka, ingawa pombe haikuisha.

Jibu ni mteja kuja na chombo chake. Kila mtu analijua jibu hili, lakini wachache wanalifanya, na ninavyoona mimi sababu kubwa ni mizani kuliko uvivu. Fikiri: bakuli lenye mfuniko lina gramu 120. Unaomba sukari robo kilo. Muuzaji akiweka bakuli kwenye mizani na kumimina mpaka isome gramu 250, umepata sukari gramu 130 tu. Karibu nusu ya pesa yako umenunulia bakuli lako mwenyewe. Mteja aliyefanyiwa hivyo mara moja harudi tena na bakuli, anataka kifuko chepesi anachokiona. Ana haki.

Kwa hiyo dawa ni hii. Pima chombo kikiwa kitupu, mbele ya mteja. Andika uzito wake chini ya chombo kwa kalamu ya wino usiofutika: 120. Siku zote bakuli hilo likija, mizani isome 370 ndipo robo imetimia. Kama unatumia mizani ya mawe, weka upande wa pili kitu chenye uzito sawa na bakuli kabla ya kuweka jiwe la robo. Na mizani yenyewe iwe imehakikiwa na Wakala wa Vipimo, stika ionekane. Mwenye duka, kwetu huku mara nyingi ni Mkinga, mtu anayejua hesabu kuliko mimi. Nami namwambia kwa lugha yake: vile vifungashio unavinunua. Mteja akija na chombo, ile gharama mgeuzie iwe nyongeza, kijiko kimoja cha sukari juu. Mteja wa kijijini anaikumbuka nyongeza kuliko tangazo lolote.

Mafuta ya kula ndiyo mepesi zaidi kuanza nayo, kwa sababu yanapimwa kwa ujazo, hayahitaji mizani. Kidumu kidogo safi au chupa ya kioo yenye mdomo mpana, kipimo kinamiminwa moja kwa moja. Na hapa kuna hesabu nyingine. Chukua kipimo unachonunua kila siku, ukijaze maji, umimine kwenye chupa ya lita moja mpaka ijae. Tuseme kipimo ni cha shilingi 500 na vimeingia 14. Unalipa 7,000 kwa lita. Muulize muuzaji lita nzima ni bei gani. Tofauti utakayoiona ndiyo bei ya kununua kidogo kidogo. Ukiwa na pesa ya viazi au ya parachichi mkononi, dumu la mafuta lije kabla pesa haijayeyuka. Usipoweza peke yako, kina mama wanne wa VICOBA moja wanaweza kununua dumu la lita 20 na kugawana lita tano tano.

Kuna vyombo nisivyotaka kuviona jikoni hata kimoja. Chupa na ndoo za viuatilifu, hata ukiziosha mara kumi. Wakulima wa viazi tunapulizia dawa za ukungu mara nyingi kwa msimu, chupa zipo nyingi na zinavutia, hasa zile zenye mfuniko mzuri. Zisuuze mara tatu na maji hayo uyarudishe kwenye bomba la kupulizia, kisha zitoboe ili asiokote mtu. Ndoo za rangi ya ukuta nazo si za unga. Mfuko wa mbolea si wa kuanikia muhogo wala wa kufunikia chakula.

Na kufunika je? Ipo tabia ya kufunika wali au viazi kwa nailoni ndani ya sufuria ili mvuke usitoke. Vifuko vingi vya dukani hujui vimetengenezwa na nini wala kwa kazi gani, na joto pamoja na mafuta ndivyo vinavyorahisisha kemikali kuhama kutoka kwenye plastiki kwenda kwenye chakula. Vilevile supu ya moto kwenye kifuko, au maharage yanayochemka. Sahani ya bati juu ya sufuria na jiwe safi juu yake inabana mvuke vizuri tu. Bibi zetu walipika hivyo, na wali uliiva.

Nisieleweke vibaya. Sisemi plastiki yote itoke nyumbani. Mfuko wa PICS una plastiki mbili ndani na kiroba nje, na unaokoa mahindi na maharage yako dhidi ya bungua bila dawa. Ukiutunza panya wasiutoboe utautumia zaidi ya msimu mmoja. Ndoo ya maji na dumu ni vya miaka. Hata ile mifuko mbadala tunayoiita ya kitambaa, mingi yake ni plastiki pia, ila inafuliwa na kubeba mzigo mara nyingi. Kwa hiyo nayo usiichome. Ninachogombana nacho ni kitu kinachotumika dakika kumi kutoka dukani mpaka nyumbani, halafu kinabaki shambani kwa miaka ambayo wajukuu wataikuta.

Wafanyabiashara mkumbuke pia sheria. Kanuni za 2019 ziliacha nafasi kwa vifungashio vya bidhaa za viwandani, kilimo na dawa za hospitali, lakini kifungashio si mfuko wa kubebea, hata kama hakina mashikio. Anayeuza mfuko uliokatazwa faini inaanzia shilingi 100,000 hadi 500,000, na anayekutwa nao inaanzia 30,000 hadi 200,000. Hiyo ni faida ya siku nyingi kwa duka la kijijini.

Vitakavyobaki, maana vitabaki, tenganisha. Chupa na plastiki ngumu weka pembeni. Mjini wapo wanaozinunua kwa kilo, hivyo uliza siku unapopeleka viazi Njombe Mji au Makambako. Nailoni laini haina mnunuzi, ni nyepesi mno. Isuuze ile ya dagaa na chumvi isiite ng'ombe, iache ikauke, ishindilie kwenye kiroba kimoja na ukitundike juu, mbali na mifugo na mbali na jiko. Kiroba kikijaa, gari linaloenda mjini likibebe mpaka dampo la halmashauri. Andika tarehe uliyokianza. Kama mwezi huu kimejaa kwa wiki tatu, angalia vyombo vilipoanza kwenda dukani kitachukua muda gani.