Mti mrefu kuliko yote uachwe ulipo

Kila ninayemweleza kwamba nilikwenda kwenye misitu ya redwudi kaskazini mwa California huniuliza swali lile lile: uliuona ule mrefu kuliko yote? Sikuuona. Sikwenda kuutafuta, na sasa nawaomba na wengine wasiutafute.

Mti huo umepewa jina la Hyperion. Urefu wake ni karibu mita 116, na duniani haujapatikana mwingine hai wa kuufikia. Chris Atkins na Michael Taylor waliugundua mwaka 2006 ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Redwood. Hakuna njia iliyochongwa ya kuuendea, na mahali ulipo hapakutangazwa. Lakini siri ilivuja, picha zikasambaa mitandaoni, watu wakaanza kujikatia njia vichakani. Makangaga yaliyolizunguka shina yalikanyagwa hadi yakaisha, udongo ukashindiliwa, takataka na vinyesi vikazagaa. Mwaka 2022 hifadhi ikapiga marufuku: ukikamatwa hapo unaweza kutozwa faini hadi dola 5,000 na kufungwa miezi sita.

Wako wanaoona adhabu hiyo imezidi. Mmoja wao ni mtoto wa kaka yangu, aliyenisindikiza kutoka Sacramento mwezi wa Agosti. Njiani alinung'unika: "Shangazi, hifadhi ni mali ya umma. Kodi tunalipa sote, kwa nini tufichwe?" Nikamwambia, mwanangu, tutembee kwanza.

Saa moja na nusu asubuhi tulikuwa kituo cha wageni cha Prairie Creek, tukashika njia ya James Irvine. Inakushusha mpaka ufukweni, halafu unarudi kwa mgongo wa kilima unaoitwa Miners' Ridge. Mzunguko mzima ni kama kilomita 19. Ukungu wa bahari ulikuwa umeingia msituni, na ingawa hapakuwa na mvua mabega yetu yalilowa. Ukungu hunasa kwenye majani ya juu kabisa, hukusanyika, kisha hudondoka. Kiangazi cha huko mvua ni adimu, kwa hiyo matone hayo ndiyo yanayouweka msitu hai mpaka masika. Miguuni kulikuwa na matope na mizizi yenye utelezi. Ukitaka kutazama juu, lazima usimame kwanza.

Tulipotembea kama saa moja tulikuta mti ulioanguka miaka mingi iliyopita. Kitako chake kilisimama kando ya njia kama ukuta wa nyumba. Nikakiendea karibu kutafuta mzizi mkuu, ule wa kuzama chini kama wa mwembe. Haupo. Redwudi hauna mzizi huo. Mizizi yake huishia mita chache tu chini ya ardhi, ila husambaa pembeni hata mita 30, ikasukana na ya majirani, na kwa namna hiyo mti wa mita 90 unahimili upepo. Mtoto wa kaka yangu alikishika kimojawapo cha vile vizizi vilivyochomoza, chembamba kama kidole, akakigeuzageuza. Hapo nilimwonyesha ninachokisema: uhai wa mti huu uko juu juu, palepale unapokanyaga. Buti moja haliuui. Maelfu ya mabuti yakisimama kila siku mahali pamoja kwa ajili ya picha moja, udongo unakuwa sakafu, na maji hayapenyi tena.

Tena msitu wenyewe umebaki kidogo. Katika misitu ya kale ya redwudi ya pwani, kiasi cha asilimia 95 kilikwisha kukatwa mbao. Tulipopita sisi pamesalimika kwa sababu tangu mwaka 1918 shirika la Save the Redwoods League limekuwa likichangisha fedha na kununua vipande vya msitu kabla ya misumeno kufika.

Mimi ni mzaliwa wa Kinondo, pwani ya Kwale. Kaya yetu, yaani msitu wetu mtakatifu, tuliiingia kwa njia moja iliyojulikana, tumejifunga kaniki, na bibi alitangulia. Ilikuwa mwiko kuiacha njia, mwiko kuokota hata kijiti. Sikumbuki mtu aliyeuliza mti gani ni mrefu kuliko wenzake. Kaya yetu na nyingine za Wamijikenda ziliingizwa katika Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2008, na nina hakika mwiko ule ndio uliotuachia kitu cha kuorodheshwa.

Sisemi kila mti ufichwe. Katika hifadhi ya Jedediah Smith, kwenye miti inayoitwa Grove of Titans, watu walikuwa wameharibu vivyo hivyo, na kukajengwa daraja la kutembelea lililoinuliwa juu ya mizizi, lenye urefu wa mita 400 hivi. Panapowezekana kujenga, pajengwe, wazee na watoto wapite. Hyperion uko mbali, msituni ndani, hauna hata kijia. Uachwe.

Mchana tulishuka Fern Canyon, korongo la kuta za mita 15 zilizovikwa makangaga toka chini hadi juu, maji baridi yakitupita vifundoni. Ufukweni tukakuta kundi la elki, kulungu wakubwa wa huko, tukazunguka mbali nao. Kisha ukaja mlima wa Miners' Ridge. Goti langu la kushoto liliuma vibaya, nikawa nahesabu hatua ishirini, napumzika, naegemea fimbo. Kila niliposimama palikuwa na redwudi mbele yangu, gome lake nene lina mifereji inayomeza kiganja kizima, na hakuna hata mmoja uliokuwa na jina wala kibao.

Tulifika garini saa kumi na moja jioni. Mtoto wa kaka yangu alikuwa amepiga picha zaidi ya mia mbili, na katika zote hakuna hata moja iliyouchukua mti mzima, shina mpaka kilele. Hizo ndizo ninazowaonyesha wanaoniuliza habari za Hyperion.