Rolakosta za Kuigiza: Je, Ni Upuuzi?

Nina dukuduku, na kwa kuwa ukurasa huu ni wa maoni, niruhusuni nilitoe. Muhula uliopita saa yetu ya Jumamosi katika chumba cha kompyuta ilifutwa. Sababu? Ati tunacheza. Hata wenzetu wa bweni wakashangilia, wakisema kwamba afadhali tungekuwa tunabuni vitu vyetu wenyewe kuliko kushinda tukiiga vya Wazungu. Methali ya aliyeiga ndovu akapasuka msamba nimetupiwa hadi nikaizoea.

Kwa wale ambao hawajaelewa, mchezo wenyewe ni RollerCoaster Tycoon, uliotungwa na Chris Sawyer na kutolewa mwaka wa 1999. Sehemu kubwa ya programu yake aliiandika peke yake kwa lugha ya asembli, iliyo karibu sana na ile ya mashine yenyewe, ndiyo maana unakubali hata kompyuta kuukuu kama zetu. Unapewa uwanja, unajenga bustani ya burudani, na ndani yake unaweka rolakosta: magari yanayokokotwa hadi juu ya kilima cha reli kisha yakaachiliwa yaporomoke, yapinde na yapinduke, watu ndani wakipiga mayowe. Mimi sijawahi kuipanda. Nawe pia, nadhani.

Mwanzoni nilikuwa nikibuni zangu. Wee! Mchezo huipa kila rolakosta alama tatu: msisimko, ukali na kichefuchefu. Ukali ukipita 10, wageni karibu wote hukataa kupanda. Zangu zilipita kila mara. Wageni walifika mlangoni, wakatazama juu, wakaenda zao. Ubunifu ndio huo tunaoambiwa tuurudie.

Ndipo nikaamua kuijenga upya rolakosta ya kweli: Nemesis, iliyoko katika bustani ya Alton Towers, Uingereza, iliyofunguliwa Machi 1994. Viti vyake huning'inia chini ya reli, miguu ya abiria ikielea hewani. Binamu yangu alinichapishia vipimo: urefu wa njia mita 716, kasi kilomita 80 hivi kwa saa, kimo mita 13, mporomoko mita 31.7. Hebu soma tena hivyo viwili vya mwisho. Kitu chenye kimo cha mita 13 kitaporomokaje mita 31? Nilidhani aliyepiga chapa alikuwa anasinzia. Nikajenga kwa mita 13. Magari yakakwama kwenye kitanzi, yakarudi kinyumenyume. Nikajenga kwa mita 31. Yakapita, lakini sasa haikuwa Nemesis, ilikuwa mnara. Jumamosi mbili zikapotea hivyo.

Kumbe jibu lilikuwa chini! Pale Alton Towers hawakuruhusiwa kujenga kitu kinachoinuka kupita vilele vya miti. Basi mbunifu John Wardley na wenzake hawakubishana na miti. Miamba ililipuliwa, shimo likachimbwa, na rolakosta ikaporomokea humo. Nami nikaanza kuchimba ardhi ya mchezo, mraba baada ya mraba, kengele ya chai ikalia nisiisikie. Magari yalipozunguka mara ya kwanza bila kukwama, tulipiga kelele hadi kiranja wa zamu akaja mbio. (Naam, hizo ndizo kelele tulizoshtakiwa.)

Sasa niambieni, jamani: kama ningekuwa nabuni yangu, ni lini ningejiuliza kwa nini mtu aende kuchimba shimo kwenye mwamba? Anayebuni hujisamehe kila kitu. Akikwama, anaongeza kilima. Anayeunda upya kitu cha kweli hana ruhusa hiyo. Vipimo ni vile vile, na visipoingiana, ni yeye ambaye hajaelewa.

Tena kuna fizikia. Chukua huo mporomoko wa mita 31.7 uutie katika hesabu ya nishati tuliyofundishwa darasani. Inatoka takriban mita 25 kwa sekunde, yaani kama kilomita 90 kwa saa. Ya kweli ni 80. Kumi nzima imeenda wapi? Msuguano na upepo havikosi kula chao. Swali hilo kitabuni nililipita kama basi la usiku linavyopita vituo. Kwenye rolakosta yangu lilinikosesha usingizi.

Sikatai kwamba mchezo una kasoro. Vipande vya reli vina miinamo yake maalum, hukunji upendavyo. Kwa hiyo Nemesis yangu ni binamu wa ile ya kweli, si pacha.

Lakini wale wasemao kwamba kuunda upya ni kukosa akili, wawaambie pia wenye Nemesis. Waliifunga Novemba 2022, wakang'oa karibu reli yote, wakatandika mpya kwa mpangilio ule ule, wakaifungua tena Machi 2024. Mbona hawakubuni nyingine? Na kule New Jersey, Marekani, Kingda Ka iliyofunguliwa mwaka wa 2005, yenye kimo cha mita 139, iliyokuwa ndefu kuliko zote duniani, iliangushwa kwa baruti Februari 2025. Mwenye hamu nayo leo ataipanda ndani ya kompyuta tu.

Ombi langu kwa mwalimu anayesimamia chumba hicho ni dogo: saa moja, Jumamosi, kuanzia saa nane. Kila anayeingia aje na karatasi yenye vipimo vya kitu cha kweli anachotaka kukijenga, na asiye na karatasi abaki nje, hata akiwa rafiki yangu. Kelele tutapunguza. Nemesis yangu nimeihifadhi kwenye flashi, na ile kona ya mwisho kabla ya breki bado haijakaa sawa.