Pepo ndizo huamua nani atapata mvua, serikali isizipuuze

WENGI hudhani kwamba nchi iliyopitiwa na ikweta haina budi kuwa na mvua tele na misitu minene. Dhana hiyo ina ukweli katika mabonde ya mito Kongo na Amazon, lakini hugonga mwamba inapofika Kenya. Takriban asilimia 80 ya ardhi yetu ni kame au nusu kame. Mji wa Lodwar, ulio nyuzi tatu tu kaskazini mwa ikweta, hupata mvua ya milimita 200 hivi kwa mwaka.

Jibu la kitendawili hiki limo katika mzunguko wa hewa duniani. Hewa ya ikweta hupata joto jingi, ikapanda na mvuke wake, ikapoa na kuangusha mvua. Ikishakauka, husafiri huko juu kuelekea kaskazini na kusini, kisha hushuka karibu na nyuzi 30 na kuzuia mawingu kujikusanya. Ndiyo sababu Sahara na Kalahari ni majangwa. Hewa hiyo hurejea ikweta ikiambaa ardhini na, kwa kuwa dunia huzunguka, hupinda na kuvuma kutoka mashariki. Mwingereza George Hadley, mwanasheria kwa taaluma, alieleza msingi wa jambo hili mwaka wa 1735.

Mahali pepo za kaskazini na za kusini zinapokutana ndipo penye mvua. Makutano hayo hulifuata jua. Hupita Kenya yakielekea kaskazini kati ya Machi na Mei, yakaleta masika, kisha hurudi kusini kati ya Oktoba na Desemba na kuleta vuli. Mabaharia wa Lamu na Mombasa waliujua utaratibu huu karne nyingi kabla ya Hadley. Majahazi ya Uarabuni yalikuja na Kaskazi na kurejea na Kusi.

Lakini pepo hizo hazitutendei haki sawa. Kaskazi hutoka nchi kavu na haina unyevu mwingi. Kusi hubeba mvuke wa Bahari ya Hindi, ila sehemu kubwa yake hupinda kandokando ya milima yetu na kwenda kunyesha India. Kule Turkana na Marsabit, upepo hubanwa kati ya nyanda za juu za Ethiopia na za Kenya, ukaongeza kasi na kupitisha unyevu hadi magharibi. Upepo huo huo huzungusha mitambo 365 karibu na Loiyangalani, yenye uwezo wa kuzalisha megawati 310 za umeme. Kinachomnyima mfugaji malisho humpa mkazi wa mjini mwangaza.

Kuna pia mzunguko wa mashariki na magharibi unaotawaliwa na joto la bahari. Maji ya upande wa Indonesia yakiwa na joto zaidi, hewa hupanda kule na kushuka huku, na vuli hukosekana. Hali ikigeuka, Afrika Mashariki hufurika. Kati ya mwisho wa 2020 na mwisho wa 2022 misimu mitano mfululizo ilifeli, na zaidi ya mifugo milioni mbili wakafa nchini. Vuli ya 2023 ikaja na El Nino, mafuriko yakaua zaidi ya watu 100.

Msiba huo wa 2023 haukukosa onyo. Idara ya Utabiri wa Hali ya Hewa ilikuwa imetahadharisha mapema. Mwanzoni mwa Oktoba, Rais William Ruto akawaambia wananchi kwamba mvua hazingefikia kiwango cha uharibifu kilichohofiwa. Wiki chache baadaye, Mandera, Garissa na Tana River zilikuwa zimezama.

Ni kweli kwamba utabiri si ahadi, na masika hasa ni vigumu kuyatabiri. Vuli ni tofauti. Kwa kuwa hufungamana na joto la bahari, dalili zake huonekana miezi kadhaa kabla. Serikali kuu na zile za kaunti zina muda wa kununua mifugo ingali na afya, kuhifadhi nyasi, kuzibua mitaro na kuwahamisha wanaoishi kingoni mwa mito. Badala yake, fedha hutolewa mizoga ikishatapakaa.

Mtaro uliozibuliwa hauna hasara hata mvua isiponyesha. Hakuna serikali iwezayo kuamuru pepo zivume kwingine, lakini kila serikali inaweza kutenga fedha kabla hazijavuma. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na mfugaji wa Wajir hana tena cha kuujengea.